Kabla gita halijavuka bahari



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya safari ya gita. Sisemi safari ya mpiga gita, maana huyo ana miguu yake na mdomo wa kujisemea. Nasema gita lenyewe, likiwa ndani ya boksi, limeandikwa jina la mtu, linatoka Birmingham au Muscat au Toronto kuja Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura.

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na wanaouliza ni wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu aliye ng'ambo, aliyenunua gita zuri kwa bei ya mitumba na anataka kumpelekea mdogo wake. Wa pili ni huyo mdogo mtu, au mama yake, ambaye ameahidiwa gita na sasa anasikia kwamba nauli yake inataka kuzidi bei yake. Wote wawili swali lao ni moja: tufanyeje lifike zima, na fedha zisituishie njiani?

Najua wapo watakaosema, dunia ina shida nyingi, gita la nini? Nawajibu hivi. Kwa miaka mingi wapigaji wetu wengi hawakuwa na magita yao. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa mali ya chama na mpigaji alikuwa mwajiriwa. Bendi nyingi za mashirika zilizofuata zilikwenda mwendo huo huo. Utaratibu ule ulitupa muziki mtamu, sibishi. Lakini mpigaji alipokosana na wakubwa, aliondoka mikono mitupu na gita likabaki bendini. Kijana mwenye gita lake hupiga harusini Jumamosi, kanisani Jumapili, na Jumatatu akafundisha watoto wa mtaani kwa ada ndogo. Hamwombi mtu. Kwa hiyo gita likivunjika njiani, limevunjika jembe la mtu, na aliyelinunua huko aliko mara nyingi amelilipia kwa zamu za usiku.

Sasa basi. Gita lina tabia mbili, na anayezijua hizo mbili amemaliza nusu ya kazi. Kwanza, gita ni upinde uliovutwa. Pili, gita ni hewa.

Nianze na upinde. Nyuzi sita za chuma za gita kavu, zikikazwa kwa sauti yake ya kawaida, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Ni kama mtu mzima amening'inia shingoni mwa chombo hicho usiku na mchana. Shingo imetengenezwa ili istahimili. Lakini kichwa kimebeba vyuma sita vya kukazia nyuzi, na pale kinapoungana na shingo mbao ni nyembamba, na kwenye magita mengi kichwa hicho kimeinamia nyuma. Boksi likianguka chali, tumbo la gita husimama ghafla, lakini kichwa chenye uzito wa vyuma kinataka kuendelea na safari. Hapo ndipo kinapokatika.

Nimewahi kuliona gita moja lililofika Dar es Salaam kutoka Ulaya. Boksi halikuwa na mkunjo. Sanduku lake gumu halikuwa na mkwaruzo. Ndani, kichwa kimekatika, kinaning'inia kwenye nyuzi kama kuku aliyechinjwa. Mwenye mali aliapa kwamba wapagazi wamelipiga. Fundi aliyeletewa alipitisha vidole viwili kati ya kichwa na kuta za sanduku, vikapita, na nafasi ikabaki. Akasema, "Hakuna aliyelipiga. Limejipiga lenyewe."

Ndugu zangu, katika maneno hayo ya fundi kuna somo zima la kufunga gita. Watu wengi hujenga ukuta nje wakasahau ndani. Hubandika karatasi nyekundu pande zote sita: kinavunjika, kinavunjika. Anayepakia mizigo mia mbili usiku hasomi karatasi hizo, na mashine inayosukuma maboksi kwenye mkanda haijui kusoma kabisa. Kinacholinda gita ni kutochezacheza ndani ya makazi yake.

Basi fanya hivi. Legeza nyuzi, kila mmoja mizunguko miwili mitatu, ziwe dhaifu lakini zisivuliwe zote, kwa sababu shingo nayo imezoea kuvutwa na haitaki kuachiwa ghafla. Weka kipande cha kitambaa au karatasi ngumu kati ya nyuzi na shingo. Toa kila kitu kilicholegea: mkanda wa begani, kibano cha nyuzi, funguo, betri. Kitu kidogo cha chuma kikizunguka ndani ya sanduku kwa wiki mbili kitaandika historia yake juu ya rangi ya gita. Kisha jaza. Jaza chini ya kichwa, juu yake na pande zake zote mbili. Jaza chini ya shingo pale sanduku linapoacha uwazi. Jaza kiunoni mwa gita. Fulana za zamani zinafaa sana, na zikifika zitavaliwa. Funga sanduku, liinue, litikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinatembea, fungua uanze upya.

Baada ya hapo ndipo sanduku liingie kwenye boksi la karatasi ngumu ya tabaka mbili, lenye nafasi ya vidole vinne hivi kila upande, na nafasi hiyo ishindiliwe kwa karatasi zilizokunjwakunjwa au sponji mpaka sanduku lisiweze kusogea. Anwani iandikwe nje, na karatasi nyingine yenye anwani na namba za simu za pande zote mbili iwekwe ndani, kwa sababu karatasi ya nje hubanduka. Gita lisilo na sanduku gumu, lenye mfuko laini tu, linaweza nalo kusafiri, lakini kila nilichosema juu ya kujaza kifanywe mara mbili.

Hiyo ndiyo habari ya upinde. Sasa tuje kwenye hewa, maana hapa ndipo fedha zinapotoroka.

Kampuni za kupeleka vifurushi kwa ndege hazitozi uzito wa mizani peke yake. Huchukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimeta, huzidisha, kisha nyingi hugawa kwa 5,000. Jibu linahesabiwa kuwa ni kilo. Likizidi uzito wa mizani, unalipa hilo kubwa. Tuchukue boksi la gita la sentimeta 120 kwa 50 kwa 20. Ukizidisha unapata 120,000; gawa kwa 5,000, unapata kilo 24. Kwenye mizani boksi hilo huenda lina kilo 9. Kilo 15 zinazobaki ni hewa, ndugu msikilizaji, na unailipia nauli.

Kwa gita la umeme dawa ipo. Magita ya Fender, tangu Telecaster ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Stratocaster ya mwaka 1954, shingo yake imeshikwa na skrubu nne tu, na magita mengi ya bei nafuu yameiga mtindo huo. Ukilegeza nyuzi vya kutosha, ukafungua skrubu zile, shingo inatoka. Shingo na tumbo vikilazwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kimefungwa peke yake, vinaingia kwenye boksi la sentimeta 75 kwa 38 kwa 15. Fanya hesabu ile ile: unapata kilo 8 na nusu na ushee. Kutoka 24 hadi 9! Na tena ile hatari ya kichwa kukatika imepungua, kwa sababu upinde umeshafunguliwa. Skrubu zitiwe kwenye kifuko na kifuko kibandikwe ndani ya boksi. Anayepokea awe na fundi au mtu mwenye mkono mtulivu wa kulirudisha.

Lakini tahadhari. Gita kavu mara nyingi lina shingo iliyogundishwa, na magita ya umeme ya aina ya Gibson Les Paul vivyo hivyo. Hayo hayafunguliwi. Asije mtu akasema alisikia redioni, akachukua msumeno.

Sasa njia. Njia ya kwanza ni mtu anayekuja. Hii ndiyo ya bei nafuu kupita zote, na ndiyo ya wazee wetu. Ila mashirika mengi ya ndege hupima begi la kawaida kwa kujumlisha urefu, upana na kimo, visizidi sentimeta 158. Sanduku gumu la gita hukaribia 165. Kwa hiyo msafiri aulize mapema, kwa maandishi, kama shirika lake linapokea chombo cha muziki kama begi lake moja la kawaida, maana mengine hukubali na mengine hudai ziada pale pale uwanjani. Kwa mashirika ya Marekani, kanuni iliyoanza kutumika Machi 2015 inamruhusu abiria kuingia na gita ndani ya ndege kama linaenea kwenye nafasi ya mizigo na nafasi hiyo ipo wakati anapoingia. Maana yake, wahi foleni. Na neno moja la kiungwana: usimpe msafiri sanduku lililofungwa kwa kufuli. Mfungulie, aone kila kilichomo, hata hizo fulana, maana uwanjani atakayeulizwa ni yeye.

Njia ya pili ni posta. Waliozoea kampuni za haraka huisahau, lakini posta za nchi kadhaa bado huuza huduma ya kifurushi kwa bei ya chini, kwa wale wasio na haraka. Uliza kikomo cha urefu na mzunguko wa boksi kabla hujafunga, maana gita zima linaweza kukataliwa kwa sentimeta chache.

Njia ya tatu ni zile kampuni za haraka nilizozitaja. Zinafika, zinafuatilika, na ni ghali. Ukitumia hizo, punguza boksi kadiri usalama unavyoruhusu.

Njia ya nne ni meli. Hapa wengi hudanganyika. Husikia meli ni nafuu, wakapeleka gita moja peke yake. Mizigo ya kuchangia kontena hutozwa kwa mita ya ujazo, na mara nyingi kuna kiwango cha chini ambacho utalipa hata kama mzigo wako ni mdogo. Boksi letu la gita ni sehemu ya mita moja tu. Mita moja ya ujazo inameza maboksi kama hayo manane. Bandarini nako, karatasi za gita moja na ada ya wakala wa kulitoa hazitofautiani sana na za mzigo mkubwa. Meli ni nafuu kama gita limepewa lifti: familia inapeleka mapipa na vyombo vya nyumbani, gita likaingia katikati ya magodoro. Na kumbukeni kontena likikaa juani joto lake hupanda kupita nyuzi 50. Gundi na mbao hazipendi hayo. Gita kavu la thamani nisingelipitisha huko.

Sasa tuzungumze kuhusu likivunjika. Mwaka 2008, mwanamuziki wa Canada aitwaye Dave Carroll alisafiri na bendi yake kutoka Halifax kwenda Omaha, Marekani, kwa ndege za United. Walipopita Chicago, abiria waliona magita yakirushwa uwanjani. Gita lake aina ya Taylor lilivunjika, na kulitengeneza kuligharimu dola 1,200. Alizunguka na madai yake kwa miezi kama tisa, na akakataliwa, hoja ikiwa kwamba hakudai ndani ya saa 24. Mwezi Julai 2009 akatoa wimbo wa kuieleza dunia mkasa wake, ukatazamwa na mamilioni kwenye YouTube, na ndipo shirika lilipomtafuta.

Hadithi hiyo inafurahisha, lakini si kila mmoja wetu atapata mamilioni ya wasikilizaji. Sisi tushike karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha za gita, mbele, nyuma, kichwa, namba yake ya kiwandani, na jinsi ulivyolifunga. Weka risiti. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo, unatoa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu begi la abiria lililoharibika, na siku 14 kwa mzigo wa kawaida wa ndege. Ukipita hapo, mlango umefungwa.

Na hata ukiwahi, fidia ya mzigo ina kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vipimo 26 vya fedha vya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila kilo, na kipimo kimoja kina thamani ya kama dola 1 na senti 30 hadi 40 za Marekani. Kilo 9 zitakupa dola 300 na kitu. Gita lako likiwa la dola 800, nani atalipa zilizobaki? Ndiyo maana nasema tangaza thamani na ununue bima, na usome inakataa nini. Bima nyingine huondoa vyombo vya muziki, nyingine hukataa kulipa kama ufungaji haukutosha. Hapo zile picha zitakusemea.

Hapa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kuna desturi ya kuandika kwenye fomu ya forodha kwamba gita ni la dola 50, kumbe ni la 600, ili kukwepa kodi. Mbali ya kwamba ni uongo, ni hesabu mbaya. Likipotea, umeshasaini mwenyewe kwamba ulipoteza dola 50. Forodha wakilitilia shaka, watalizuia, na ada za ghala zinahesabiwa kwa siku. Andika ukweli: gita moja, limetumika, bei yake hii, risiti hii. Jueni pia kwamba kodi huenda ikahesabiwa juu ya bei pamoja na bima na nauli. Hapo nauli kubwa huzaa kodi kubwa. Juu ya ushuru wa forodha ipo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa bidhaa za kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16. Mwulize wakala akutajie jumla yote, hadi mlangoni, kabla boksi halijaondoka huko liliko.

Na mbao je? Mwaka 2017, tarehe 2 Januari, mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini uliwekea masharti miti yote ya jamii ya Dalbergia, jamii ya mpingo wetu wa Lindi na Mtwara, na pia ya mbao nyekundu nyeusi zinazopendwa na watengenezaji wa magita. Magita mengi yakakwama forodhani. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeachiwa, ila Dalbergia ya Brazili, iliyo kwenye orodha kali tangu mwaka 1992, bado inataka kibali. Vivyo hivyo pembe za ndovu na gamba la kasa ng'amba, ambavyo huonekana kwenye baadhi ya magita ya zamani. Mwenye gita la babu aulize kwanza.

Likifika, mpokeaji asikimbilie kisu. Kwanza atazame boksi pande zote mbele ya aliyelileta, apige picha, na kama kuna tundu au mkunjo aandike kabla ya kutia saini. Kisha, kama limetoka kwenye baridi, aliache lilale ndani ya boksi hadi kesho yake, mbao na rangi zizoee joto letu polepole. Rangi iliyoganda ikipigwa na joto ghafla hupasuka. Zile siku 14 zinaruhusu usiku mmoja wa subira. Siku ya pili afungue, apige picha tena, akaze nyuzi kidogo kidogo.

Mwisho, wasikilizaji, nauli, bima na kodi vikijumlishwa vikazidi bei ya gita jema linalopatikana dukani Kariakoo au Nairobi, tumeni fedha lake, na mpeleke nyuzi. Nyuzi nzuri seti kumi zinaingia kwenye bahasha, hazivunjiki, na mpigaji wa huku atawaombea dua mwaka mzima. Ila kama gita lina sauti yake ambayo haipatikani dukani, au ni la marehemu baba, basi lifungeni kwa mikono yenu wenyewe. Msimwachie kazi hiyo mtu asiyemjua atakayelipiga.